Piano Haina Batani ya Transposi

Wasee, leo nitasema kitu itakayokasirisha pande mbili kwa mpigo, kwa hivyo vumilieni hadi mwisho kabla ya kunitupia mawe.

Upande wa kwanza ni watu wa sikio. Hawa ni wapiga kibodi wetu wa Kayole, Umoja, Dandora na Kariobangi, waliojifunza kanisani kwa kusimama nyuma ya msee mwingine na kuangalia vidole vyake. Wimbo wakiusikia mara moja, wanao. Kitabu cha muziki hawajawahi kufungua, na ukiwaambia wafungue wanacheka.

Upande wa pili ni watu wa karatasi. Hawa wamepitia mwalimu, wamefanya mitihani ya gredi inayotoka London, na ukiwaambia ulijifunzia kanisani wanakuuliza swali moja tu: "Hanon umefika namba ngapi?" Ukisema hujui Hanon ni nani, maongezi yameisha hapo.

Mimi natoka upande wa sikio, na msimamo wangu ni huu: mtoto wa Eastlands anahitaji vile vitabu vya zamani vya mazoezi ya vidole kuliko mtoto mwingine yeyote Nairobi hii. Na watu wa karatasi, ambao ndio wanavishika, wanavitumia vibaya.

Nianze na sisi wenyewe.

Batani inayotubeba

Kwa asiyejua, kibodi nyingi tunazotumia zina batani ya transposi. Unabonyeza mara tatu, na ukigusa C sauti inayotoka ni E-flat. Mama akisimama kutoa wimbo na ameuanzia E-flat, hauna haja ya kujua E-flat inakaa wapi. Unatafuta sauti yake, unabonyeza, unaendelea na C yako kama kawaida. Kanisa linasema amina.

Hiyo batani imeokoa ibada nyingi na siitukani. Shida ni kwamba mtoto anaweza kuanza akiwa na miaka 10, apige kila Jumapili hadi afike 20, na kwa hiyo miaka yote vidole vyake vijue kii moja kati ya 12. Wengine ni C. Wengine ni F-sharp, wanaoishi juu ya vitufe vyeusi. Ukizima batani, huyo msee mnoma uliyekuwa unamrekodi kwa simu anageuka mgeni kwa kibodi yake mwenyewe.

Mshikaji wangu mmoja wa Umoja aliitwa kupiga harusini kwa hoteli moja ya town. Pesa ilikuwa zaidi ya anachopewa kanisani kwa mwezi mzima. Alifika mapema, shati imepigwa pasi, akaoneshwa mahali pa kukaa. Ilikuwa piano ya mbao, ile ndefu nyeusi. Mwimbaji akamwambia wimbo wa bibi harusi kuingia uko A-flat. Jamaa akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Piano haina batani ya transposi. Alijaribu dakika kumi hivi, jasho, halafu mtu wa sauti akachomeka simu kwa spika na wimbo ukatoka huko. Alipewa nauli.

Huyo jamaa si mbaya. Ana sikio kuliko mtu yeyote ninayemjua. Lakini mlango ulifunguka mara moja na vidole havikuwa tayari. Hapo ndipo mimi nilianza kuchukulia hivi vitabu kwa uzito. Mambo ya cheti hayakuwa kichwani. Nilikuwa nafikiria kazi.

Vitabu vyenyewe ni gani

Vinavyotajwa sana ni vitatu.

Cha kwanza ni cha Charles-Louis Hanon, Mfaransa aliyezaliwa 1819 na kufa 1900. Kitabu chake kilitoka 1873 na kina mazoezi 60. Zoezi la kwanza linaanza C, linaruka D, linapanda hatua kwa hatua hadi A, halafu linarudi. Kisha unasonga kitufe kimoja mbele na kurudia mchoro uleule, oktava mbili kupanda na oktava mbili kushuka. Mikono yote miwili inapiga noti zilezile, mmoja ukiwa oktava moja chini ya mwingine. Hakuna wimbo humo. Ni kama kukimbia raundi kwa uwanja.

Jambo ambalo watu hawasimulii ni kwamba Hanon hakuwa staa wa majukwaa makubwa. Alikuwa mwalimu wa mji mdogo wa pwani, Boulogne-sur-Mer, mkatoliki wa dini sana, na aliandika pia kitabu cha kuwasaidia wapiga kinanda wa kanisani kusindikiza nyimbo za ibada hata kama hawakusomea muziki. Yaani huyu mzee anayetumiwa kututisha alikuwa anawajua watu kama sisi.

Cha pili ni cha Carl Czerny wa Vienna, aliyezaliwa 1791 na kufa 1857. Alifundishwa na Beethoven akiwa mtoto, na baadaye akamfundisha Liszt. Aliandika vitabu vingi hadi namba za kazi zake zikapita 800. Kwa anayeanza, chake kinachotumika ni Opus 599, vipande 100 vinavyoanza na noti chache na kuongezeka ugumu polepole. Tofauti yake na Hanon ni kwamba hapa kuna kawimbo. Kafupi, lakini kapo.

Cha tatu ni cha Ferdinand Beyer, Mjerumani aliyekufa 1863. Opus 101 yake ina namba 106, na inaanza na mtu ambaye hajawahi kugusa kitufe. Huku kwetu hakijulikani sana, lakini Japani na Korea vizazi vizima vya watoto vimeanzia hapo.

Sasa shika hii. Sheria ya Kenya inalinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Hawa watu wote watatu wamekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Matoleo ya zamani ya vitabu vyao yako wazi kwa kila mtu, na yako bure kwenye IMSLP, maktaba ya mtandaoni ya muziki iliyoanza 2006. Ukipakua hujaiba. Ukipeleka kwa saiba ya mtaa na kuchapisha kurasa nne za kwanza za Hanon, umetumia pesa ya chapati mbili au tatu. Hakuna mwalimu wa piano Nairobi utakayempata kwa hiyo bei, hata kwa dakika moja.

Hesabu ya dakika 15

Watu wa sikio huniambia mazoezi ya vidole ni ya watoto wa mabwenyenye wenye piano sitting room. Mimi naona ni kinyume.

Mtoto mwenye piano nyumbani anaweza kupoteza muda. Akicheza vibaya leo, kesho ipo. Sasa angalia Jumamosi ya kawaida kanisani kwetu. Kibodi moja. Watoto wanane. Kwaya inataka ukumbi saa nane, kwa hivyo tuna saa mbili. Gawanya dakika 120 kwa watoto 8, kila mmoja anapata dakika 15 kwa wiki nzima, na hapo tunaomba Mungu stima isipotee. Ukimpa huyo mtoto dakika 15 bila mpango, atapiga intro ileile aliyoiona TikTok, atoke akiwa na furaha, na wiki ijayo arudi palepale.

Kitabu cha mazoezi kiliandikwa kwa ajili ya shida hiyo hiyo: kufinya kazi nyingi ndani ya muda mdogo. Hanon mwenyewe alisema mazoezi yake yote 60, ukishayajua, yanapigika kwa saa moja. Kurasa mbili zinakula dakika tatu.

Na kuna vitu vitatu ambavyo vinatibu, na ambavyo sikio peke yake halitibu.

Cha kwanza ni mkono wa kushoto. Mpiga kibodi wa kanisani ana mkono wa kushoto mvivu, na si kupenda kwake. Bendi ina msee wa besi, kwa hivyo anaambiwa asiingilie. Miaka inapita kushoto kukishika akodi tu. Kwa Hanon kushoto kunafanya kila kitu kulia kunachofanya, kwa wakati uleule. Siku ya kwanza utajua ukweli kuhusu mkono wako.

Cha pili ni vidole viwili vya mwisho, kile cha pete na kile kidogo. Mtu wa sikio hupiga na vidole vitatu na kuruka. Kwa wimbo wa polepole hauoni shida. Kwa sebene inakukamata.

Cha tatu ni usawa. Rekodi skeli yako kwa simu, halafu isikilize ukiwa umefunga macho. Utasikia noti moja inapiga kelele, nyingine imemezwa, nyingine imekuja mapema. Weka metronomu, ziko za bure kwa simu, kwa 60. Hanon anasema uanze hapo na upande polepole hadi 108. Hakuna mtu anakukimbiza.

Na wale watoto saba wanaongoja zamu? Nunua karatasi ya manila, chora vitufe. Oktava moja ya piano ina upana wa sentimita 16 na nusu hivi. Wakae sakafuni wapige mchoro kwa karatasi, wakihesabu kwa sauti. Karatasi haitoi muziki, lakini kidole kinajifunza kinaenda wapi, na zamu ikifika, zile dakika 15 haziliwi na kutafuta vitufe.

Sasa nyinyi wa karatasi

Mmefurahi vya kutosha. Zamu yenu.

Kuna msichana hapa Donholm, miaka 14, alikuwa anaongoza sifa na kibodi kila Jumapili. Mamake alijikaza akampeleka kwa mwalimu. Mwalimu akamwambia alichojifunza chote ni takataka, asiguse wimbo wowote hadi amalize Hanon namba 20. Alifika namba 6. Sai hagusi kibodi, si ya mwalimu wala ya kanisa.

Hilo si suala la nidhamu. Huyo mtoto aliingia na muziki akatoka bila. Na kinachouma zaidi ni kwamba kitabu chenyewe hakisemi hivyo. Hanon ameandika kwa utangulizi wake kwamba mwanafunzi aanze mazoezi hayo akiwa amesoma piano kama mwaka mmoja. Hakukusudia yawe lango la kuingilia. Mtu aliyefanya Hanon kuwa lango hajasoma ukurasa wa kwanza wa Hanon.

La pili ni vidole juu. Hanon anataka uinue kila kidole juu sana kabla ya kushuka, na walimu wengi wanarudia hivyo kama amri. Kwa kibodi ya plastiki ya vitufe 61, vyepesi kama rimoti, hiyo nguvu haiendi popote. Inabaki kwa mkono. Halafu kuna jambo la mwili: kano za kidole cha pete zimeunganika na za vidole jirani, ndiyo maana ukikunja cha kati mezani cha pete kinakataa kuinuka. Zoezi halitakata hizo kano. Mwanafunzi akianza kuhisi maumivu kwa kiganja au mkono, dawa ni kuacha na kulegeza. Kumwambia akaze ni kumharibu.

La tatu ni C. Mazoezi 20 ya kwanza ya Hanon yote yako C, na skeli za kii zote unakutana nazo namba 39. Sasa mtoto wetu aliyekwama C kwa sababu ya batani anakuja kwako, na wewe unampa miezi mingine ya C. Umemsaidia nini? Chopin, ambaye hakuna mtu wa karatasi atamdharau, alikuwa anawaanzisha wanafunzi wake mahali pengine kabisa. Aliwawekea vidole juu ya E, F-sharp, G-sharp, A-sharp na B, kwa sababu vidole virefu vinakaa vizuri juu ya vitufe vyeusi na vifupi vinabaki kwa vyeupe. Skeli ya C, ambayo ni rahisi kusoma, kwake ilikuwa ngumu kupiga. Na hakuamini vidole vyote vilazimishwe kuwa sawa. Alisema kila kidole kina sauti yake.

Kwa hivyo yule mpiga kibodi wa F-sharp mnayemcheka, anayeishi juu ya vitufe vyeusi kwa sababu hapo mkono wake unaskia poa, yuko karibu na Chopin kuliko mnavyodhani. Kilichobaki ni kumtoa hapo, kii moja baada ya nyingine, bila kumtukana.

Na hata London wameanza kulegea. ABRSM, wenye ile mitihani ya gredi, walianzishwa 1889. Mwaka 2020 walileta mitihani ya kurekodi video ambayo mtahiniwa anapiga vipande vinne basi. Hakuna skeli, hakuna kusoma noti papo hapo. Sisemi hiyo ni nzuri au mbaya. Nasema kama wenye mtihani wenyewe wamekubali kuna njia zaidi ya moja ya kupima mtu, mwalimu wa Buruburu anaweza kukubali mtoto acheze wimbo mmoja wa kanisani mwisho wa somo.

"Lakini hii si ni mambo ya wazungu?"

Hili swali napata kila nikipost mazoezi. Ni swali halali na nitalijibu vizuri.

Ndiyo, vitabu ni vya Ulaya ya miaka ya 1800. Lakini kibodi nayo haikutengenezewa Gikomba. Mjapani aliyefanya Beyer hakuwa Mjerumani baada ya namba 106. Alitoka na vidole, akaenda kupiga muziki wake. Spana haina kabila.

Pale ninapokubaliana na mwenye swali ni hapa: hatuna kitabu chetu. Na wengine walijiandikia.

Bach aliandaa daftari la mazoezi mwaka 1720 kwa ajili ya mtoto wake mkubwa wa kiume, aliyekuwa na miaka 9. Bartók, Mhungaria, kati ya 1926 na 1939 aliandika vipande 153 vinavyoanza na noti za mtoto mdogo na kuishia na midundo ya Kibulgaria. Juzuu mbili za kwanza alimpa mtoto wake Péter. Alizunguka vijijini akirekodi nyimbo za watu wake, na kile alichosikia kikaingia kwa vidole vya watoto. Karibu na sisi, Kwabena Nketia wa Ghana alitoa mwaka 1994 vipande 12 vya kufundishia piano vilivyojengwa juu ya muziki wa Kiafrika.

Sisi je? Wimbo wa taifa wa Kenya, ule kila mtoto anaimba gwaride la Jumatatu, umetokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Mmoja wa waliokaa kwa kamati iliyouandaa kabla ya uhuru 1963 alikuwa George Senoga-Zake, na mwaka 1986 alichapisha kitabu kizima kuhusu muziki wa asili wa Kenya. Malighafi ipo, imekusanywa, imeandikwa. Kazi ambayo hakuna aliyeniletea imekamilika ni kuchukua hizo nyimbo, kuzipanga kutoka rahisi hadi ngumu, kuziwekea namba za vidole na kumpa mtoto wa Gredi ya 4.

Fikiria zoezi la mkono wa kushoto lililochukuliwa kutoka kwa gita ya besi ya benga. Fikiria zoezi la tatu juu ya mbili lililotoka kwa ngoma za isukuti, kitu ambacho mtoto wa Kakamega amekisikia akiwa mgongoni mwa mamake, na ambacho kwa kitabu cha Ulaya anakutana nacho baada ya miaka. Fikiria ule wimbo wa Wapokomo kwa kii 12, moja kwa wiki.

Na muda ndio huu. Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala mpya iliingia shule ya upili ya juu Januari 2026, na moja kati ya njia tatu wanazochagua ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Muziki umo. Mtoto wa Dandora anaweza kuandika kwa fomu kwamba anataka muziki, na shule ikampokea. Lakini atakaa darasa moja na mtoto aliyeanza piano akiwa na miaka 5. Sikio lake litamfikisha mbali, ila akiambiwa apige skeli ya B-flat mikono miwili, sikio halina vidole.

Watu wataniambia muziki Eastlands unaendelea vizuri, angalia Ghetto Classics. Naangalia na najivunia. Walianza Korogocho 2008 chini ya Elizabeth Njoroge, na watoto walioshika violini na tarumbeta pale wamefika mbali. Lakini violini unaibeba ukapanda nayo matatu. Piano huibebi. Kenya Conservatoire ipo tangu 1944, iko town, na nauli ya kwenda na kurudi kutoka Kayole kila wiki ni bajeti ya unga. Kwa watoto wengi wa huku, mahali pa kukutana na vitufe ni kanisani. Kwa hivyo kama vidole vitafundishwa, vitafundishwa pale.

Napendekeza tufanye hivi

Kwa mpiga kibodi wa sikio: usiache sikio lako. Hiyo ni mali, na watu wa karatasi wengi wangeilipia. Ongeza hizi dakika 15.

Dakika 3 za kwanza, Hanon namba 1 peke yake, polepole, metronomu kwa 60, vidole karibu na vitufe, mabega yamelegea. Wiki hii C. Wiki ijayo mchoro uleule kwa G. Halafu D. Usiende namba 2 hadi namba 1 iwe imezunguka kii zote. Wiki 12 ni karibu muhula mmoja wa shule.

Dakika 4 zinazofuata, kipande kimoja cha Beyer au Czerny 599, ukisoma kwenye karatasi. Hata mistari miwili inatosha. Hapa ndipo macho yanajifunza kile sikio linajua tayari.

Dakika 8 zilizobaki, wimbo wako. Wowote unaoupenda. Kwa kii ya wiki hiyo, na batani iko sufuri. Utakosea sana. Ni Jumamosi, hakuna waumini, kosea tu. Jumapili washa batani yako uokoe ibada, hakuna mtu atakuhukumu. Lakini kila wiki jipe wimbo mmoja wa kupiga bila hiyo batani, na uongeze kadiri unavyojiamini.

Kwa mwalimu: anza na wimbo mtoto aliokuja nao. Msikilize hadi mwisho. Utaona mahali vidole vinakwama, na hapo ndipo umtolee zoezi la kukwamua mahali hapo. Akijua zoezi limetoka kwa shida yake, atalipiga bila kusukumwa. Ukimpa namba 1 hadi 20 kwa sababu wewe ulipewa namba 1 hadi 20, unamfundisha historia yako.

Kwa mzazi: usinunue kibodi ya wanasesere yenye taa. Ukiweza, tafuta ya mtumba yenye vitufe vya ukubwa wa kawaida, vinavyotofautisha kugusa kwa upole na kwa nguvu. Ukikosa, manila na kalamu, halafu zungumza na kanisa.

Na kwa wachungaji na wazee wa kanisa, hapa naongea kwa heshima. Ninajua makanisa kadhaa kutoka Komarock hadi Jericho ambayo yana kibodi ya maelfu ya shilingi iliyofungiwa kwa kabati kuanzia Jumapili jioni hadi Jumapili asubuhi. Mnaogopa itaibiwa au itaharibika, na hofu hiyo ina sababu, kwa maana ni sadaka za watu zilizoinunua. Lakini siku sita kati ya saba hicho chombo hakimsaidii mtu. Wekeni mtu mzima mmoja wa kusimamia, daftari la kuandika majina, na saa mbili za mchana katikati ya wiki mbali na Jumamosi. Hizo saa mbili ni dakika 15 zingine kwa watoto wanane. Mtakuwa mmemwongezea kila mtoto muda wake mara mbili bila kununua kitu.

Mimi nitafanya upande wangu. Kuanzia wiki ijayo nitapost zoezi moja kila Jumanne, mchoro mmoja kwa kii moja, na nyimbo za nyumbani zikiingia taratibu. Kama unajua wimbo wa kwenu ambao mkono wa kushoto unaweza kufanyia kazi, nitumie urekodi wa shosho akiimba, hata kama kuku wanasikika nyuma. Na kama wewe ndiye unashika funguo za kabati la kanisa, nakuuliza kitu moja tu: leo ni katikati ya wiki, kibodi iko wapi?